Visu vya mashine ya kuvunia mpunga: niliyojifunza Mbarali

Watu wanaoingia karakanani kwangu wakiwa na kisu cha mashine ya kuvunia mkononi huuliza swali moja: nitapata wapi chuma kigumu zaidi ya hiki? Na mimi nilianzia hapo hapo. Siku hizi nawaomba kwanza wanioneshe kisu hicho kinavyokaa juu ya mwenzake. Mashine hizi zina kisu kinachotembea na kisu kilichotulia. Shina la mpunga linabanwa kati yao, na kazi yote inategemea ile nafasi ndogo inayobaki baina ya vyuma viwili. Nafasi ikiharibika, hata chuma cha bei kubwa hakikuokoi. Naandika haya kwa sababu najua mafundi wenzangu wengi, Mbeya, Morogoro, Moshi na hata Mwea kule Kenya, wanaletewa kazi hii na kuingia gharama ambazo zinaweza kuepukwa.

Karakana yangu iko Mbeya mjini. Kazi zetu za kila siku ni vipuri vya pawatila, mashine za kupukuchulia mahindi, pampu na mageti. Kikundi cha wakulima wa Ubaruku, wilayani Mbarali, kilikuwa na mashine ndogo ya kuvunia, ile ambayo mtu anatembea nyuma yake, inayokata mpunga na kuulaza pembeni kwa mstari. Misimu ya mwanzo ilifanya kazi vizuri. Kisha visu vikaisha makali na vingine vikamegeka. Aliyewauzia hakuwa na vipuri, na kuagiza nje kulimaanisha visu vifike mpunga ukiwa umeshapukutika. Wakaniletea kisu kimoja kilichochakaa, wakasema, "Fundi, tutengenezee kama hiki."

Hapo pa kwanza pa kuwa makini. Kisu kilichochakaa si mchoro wa kuigiza. Kimeshanolewa mara nyingi, pembe zake zimebadilika, ncha imeliwa, matundu ya ribiti, zile pini zinazofunga kisu kwenye upau wake, yamepanuka. Ukikinakili kilivyo, unatengeneza kisu kipya chenye uzee ndani yake. Vipimo vichukue kwenye mashine yenyewe: umbali kutoka katikati ya kidole kimoja hadi katikati ya kingine (naita vidole zile ncha za mbele zinazogawa mashina na kubeba visu vilivyotulia), urefu wa mwendo wa kisu kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, na mahali matundu yalipo kwenye upau wa kisu. Kombaini kubwa nyingi hutumia visu vya upana wa milimita 76.2, yaani inchi tatu kamili. Mashine ndogo za Asia zinazofika kwetu mara nyingi ni milimita 50. Muuza vipuri atakwambia vinafanana. Havifanani.

Mpangilio wenyewe una karibu miaka mia mbili. Obed Hussey alipata hataza ya mashine yake huko Marekani mwaka 1833, na Cyrus McCormick akapata yake 1834. Vile visu vya pembetatu vinavyopita ndani ya vidole vyenye upenyo, ambavyo fundi wa leo anavikuta Ubaruku, vinatokana na wazo la Hussey. Jambo lililodumu muda wote huo linastahili kueleweka kabla ya kuguswa na gurainda.

Kuhusu chuma, nilikwenda kwenye skrepa kutafuta springi za lori. Ni chuma kizuri: kina kaboni ya kutosha na mara nyingi kromiamu kidogo, kinashika makali na hakivunjiki ovyo. Shida yake ni unene. Jani la springi lina milimita sita, nane, wakati mwingine kumi, na kisu cha mpunga kinahitaji mbili hadi tatu. Nilimfuata mzee mmoja mhunzi ambaye amefua majembe na mundu maisha yake yote. Baada ya shikamoo na kukitazama kisu kwa muda mrefu, akaniambia, "Mwanangu, kufua nitafua, lakini nyundo yangu haijui milimita." Alisema kweli. Vipande alivyovifua vilikuwa imara sana, ila kila kimoja kilikuwa na unene wake, na kusawazisha unene huo kwa gurainda kulimaliza diski nyingi kuliko nilivyopanga.

Njia ya pili ilikuwa misumeno ya mbao iliyochoka. Kule Mufindi, kwenye mashamba ya miti ya Sao Hill, mashine za dingdong, zile ndogo za kupasulia mbao, hutupa misumeno ya duara ikishaliwa meno. Sahani hizo ni nyembamba, zimenyooka, na zimeshatiwa ugumu kiwandani. Unachora visu vyako juu yake, unavikata kwa diski nyembamba huku mtu wa pili akimwagia maji, basi. Ugumu wake ni mdogo kuliko wa kisu halisi, kwa hiyo vinaisha makali mapema. Lakini vinanoleka kwa tupa palepale shambani, na kwa mkulima aliyebakiza ekari chache tu hilo ni jambo kubwa. Kama una haraka na huna tanuri la kuaminika, anza na msumeno.

Sisi tuliendelea na springi kwa sababu kikundi kilitaka visu vya kudumu, na hapo ndipo tulipoonja uchungu. Kundi la kwanza lilitoka gumu kabisa, tupa inateleza juu yake. Tukafurahi. Shambani, visu vikaanza kukatika kimoja kimoja, vyote pahali pamoja: kwenye tundu la ribiti.

Sababu zilikuwa mbili, na zote ni za kuzuilika. Kwanza, matundu yalitobolewa na kuachwa na kingo kali, na ufa huanzia pale penye kingo kali. Toboa kabla ya kutia moto, kisha lainisha midomo ya tundu pande zote mbili kwa kekee nene. Pili, kisu kizima kilikuwa na ugumu uleule. Visu vingi vya kiwandani vina makali magumu lakini sehemu ya katikati, inayobeba ribiti, imeachwa laini ili ivumilie mshtuko. Tulipoanza kuzamisha makali peke yake kwenye mafuta na kuacha mgongo upoe taratibu, kukatika kwenye tundu kulikwisha.

Niingie kidogo kwenye moto, kwa kuwa ndiko kazi nyingi zinakoharibikia. Chuma cha springi hupashwa hadi nyuzi 830 au 850 hivi za Sentigredi. Asiye na kipimajoto atumie sumaku: karibu nyuzi 770 chuma kinaacha kuvutwa, kisha unakiongeza moto kidogo tu hadi wekundu wake uanze kuelekea chungwa. Fanya kazi hii kivulini, kwa sababu jua linadanganya macho na utakichoma chuma ukidhani bado. Zamisha kwenye mafuta yaliyopashwa kidogo, nyuzi 50 au 60, usitumie maji. Springi kwenye maji hupasuka. Oili chafu ya injini inawaka na moshi wake unaumiza kifua, kwa hiyo tulihamia mafuta ya alizeti yaliyokwisha kukaangia, na kazi haikuharibika.

Kikitoka hapo chuma hukatika kama kioo. Lazima kirudi kwenye moto wa pili, wa upole. Oveni ya umeme ya nyumbani ikifika nyuzi 250 inakupeleka karibu. Sisi tulimalizia kwa kutazama rangi juu ya sehemu iliyosuguliwa ikang'aa: inapita rangi ya majani makavu, inakuwa kahawia, na zambarau inapoanza tu kuchungulia, karibu nyuzi 270 hadi 280, unaondoa. Chuo kimoja cha ufundi kilitupimia vichache, vikatoka kati ya 52 na 55 kwa kipimo cha ugumu kiitwacho Rockwell C. Kwa asiye na mashine ya kupimia, tupa mpya iwe inauma kwa shida. Ikiteleza kabisa, bado ni kigumu mno. Ikila kwa urahisi, umelainisha kupita kiasi.

Na ukimaliza yote hayo, usije ukaharibu kwa gurainda wakati wa kunoa. Makali yakigeuka bluu, ugumu wa pale umeondoka, na hutaona tofauti yoyote hadi kisu kiingie shambani. Noa kwa kugusa na kuachia, kidole chako kikiwa karibu na makali. Kidole kikishindwa kuvumilia joto, tumbukiza kwenye maji usubiri.

Basi visu vikawa vizuri, na mashine ikaendelea kuharibu mpunga.

Kipindi hiki kilinitesa kuliko kingine. Ilikuwa mwezi Juni, mpunga umeiva, vibarua wenye mundu wameshachukuliwa na wenye mashamba makubwa. Mama mmoja aliyekuwa na majaruba yake pembeni ya mfereji alikuwa anakuja kila asubuhi kusimama kimya akitutazama. Alipozungumza alisema tu, "Mwanangu, haikati hii. Inang'oa." Na kweli, nyuma ya mashine mashina yalikuwa yametafunwa, mengine yameng'olewa na mizizi na tope lake, na punje zilizopukutika zimelala chini. Usiku sikulala vizuri. Fedha za kikundi zilikuwa zimekwisha kwenye visu vile, na mimi ndiye niliyewaambia viko tayari.

Asubuhi moja nikazima injini, nikachomoa waya wa plagi, nikachuchumaa mbele ya mashine. Nikaweka shina moja la mpunga katikati ya vidole viwili na kumwambia kijana wangu azungushe puli kwa mkono, polepole. Kisu kikaja, kikaligusa shina, kikalisukuma hadi ukingoni. Shina likabonyea. Jani lililolizunguka likajikunja, likaingia bapa kati ya kisu cha juu na cha chini, likatulia humo ndani bila kukatika. Kisu kikapita juu yake na kurudi. Makali yalikuwa yananyoa nywele za mkono, na bado yalishindwa kukata jani la mpunga, kwa sababu jani lilipata mahali pa kujificha.

Nikachukua fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi ambavyo hurekebishia vali za pikipiki, nikapima. Upande mmoja wa mashine nafasi ilikuwa ndogo vizuri; upande wa pili ilizidi milimita moja. Vidole viwili vilikuwa vimepinda kidogo baada ya kugonga tuta la jaruba msimu uliopita, na vibano vinavyokandamiza kisu kisiinuke vilikuwa vimelika. Hakuna aliyevitazama, kwa kuwa vyote si makali.

Kwa mpunga sasa tunalenga ncha ya kisu iguse kidogo tu kisu cha chini, na nyuma yake nafasi isizidi nusu milimita. Ikikaribia milimita moja majani yanaanza kujikunja. Asiye na fila geji atumie kipande cha gazeti: kiweke kati ya visu, zungusha puli kwa mkono. Kikikatwa safi, uko salama. Kikikunjwa na kuvutwa ndani, nyoosha vidole, weka shimu (vipande vyembamba vya bati) chini ya vibano, na usiguse kisu kingine hadi gazeti likatike kwenye kila kidole, kimoja kimoja.

Jambo lingine la kukagua hapo hapo ni kisu kinasimama wapi mwisho wa mwendo wake. Katikati ya kisu inatakiwa ifike katikati ya kidole, kulia na kushoto. Kisu kinakwenda kasi zaidi katikati ya safari yake, na ndipo kinapotakiwa kukutana na shina. Konrodi, ile fimbo inayosukuma na kuvuta kisu, ikiwa fupi au ndefu kwa milimita chache, upande mmoja unakata vizuri na mwingine unakata kisu kikiwa kinapunguza mwendo. Urefu wa konrodi unarekebishika kwa nati mbili. Ni kazi ya dakika chache inayookoa siku nzima.

Halafu kuna mwendo wa mtu. Hili nalieleza kwa hesabu kwa sababu maneno matupu hayawashawishi madereva. Chukua mashine yenye mwendo wa kisu wa milimita 50 na mizunguko 800 kwa dakika. Kila mzunguko kisu kinakwenda na kurudi, yaani mikato 1,600 kwa dakika. Ukitembea mita moja kwa sekunde, mashine inasogea milimita 37 na nusu kati ya mkato na mkato. Kama makali ya kisu yana kina cha milimita 50 kwenda mbele, yanafunika eneo hilo lote na kubakiza. Sasa ongeza hatua hadi mita moja na nusu kwa sekunde: mashine inasogea milimita 56. Kuna mpunga ambao makali hayaufikii kabisa. Unasukumwa na upau, unainama, unakatwa kwa kuchelewa au unang'oka. Mkanda ukilegea na mizunguko ikashuka hadi 600, hali hiyo inaanza hata kwa mtu anayetembea kawaida. Kwa hiyo kabla ya kulaumu kisu, kaza mkanda na mwambie dereva apunguze hatua. Dereva anayelipwa kwa ekari atanuna. Mwonyeshe mabua yaliyobaki nyuma yake.

Kuhusu meno, wakulima walikuwa mbele yangu. Mundu wa kuvunia mpunga una meno madogo. Fyekeo la majani halina. Bua la mpunga ni gumu na lina utelezi, na makali laini yaliyokaa mshazari huliachia likateleza kuelekea mbele. Meno hulishika. Tulichonga meno kwa tupa ya pembetatu upande wa chini wa makali, ili yasipotee kila kisu kinaponolewa kwa juu. Kazi inachosha mikono, lakini visu vya meno vilidumu kuliko vile laini. Mpunga una silika nyingi, ileile inayounda mchanga. Pumba zake zikichomwa, karibu asilimia 20 ya uzito hubaki majivu, na sehemu kubwa sana ya majivu hayo ni silika. Kisu kinasagwa kila kinapokata, na makali laini yakishaviringika hayana tena cha kushikia bua, wakati meno yaliyochakaa bado yanashika. Mwinamo wa makali tuliuacha kwenye nyuzi 20 hadi 25. Chini ya hapo yanamegeka yakigusa kokoto. Juu ya hapo injini inalalamika.

Aina ya mpunga nayo ina sauti yake. SARO 5 ni fupi na husimama, mashine inaipenda. Supa ni ndefu, ina harufu nzuri na bei nzuri, na hulala upepo ukija. Hakuna kisu nilichotengeneza kinachovuna Supa iliyolala vizuri kuliko mtu mwenye mundu. Pia vuna punje zikiwa na unyevu wa asilimia 20 hadi 25. Ukisubiri zikauke zaidi, mtetemo wa kisu peke yake unazipukutisha.

Gharama nazo niziseme bila kuficha. Ukijumlisha springi, mkaa, diski, ujira wa mhunzi, nauli za Mbeya hadi Rujewa na bodaboda hadi Ubaruku, seti ya kwanza ilitugharimu zaidi ya kuagiza seti mpya. Sehemu kubwa ya fedha hiyo ilitumika kutafuta ugumu wa chuma, wakati tatizo lililokuwa linang'oa mpunga lingerekebishwa kwa fila geji, nyundo na vipande vya bati. Seti zilizofuata zimeshuka hadi chini ya bei ya kuagiza, kwa sababu sasa tuna kigezo cha chuma cha kuchorea, matundu yanatobolewa kwa pamoja, na hatupashi moto kisu ambacho hakijapita kwenye kigezo. Anayeanza leo atumie fedha yake ya kwanza kutengeneza kigezo hicho.

Jambo la vidole vya binadamu silipitii haraka. Mashine ikiziba, mkono unakwenda wenyewe kuondoa majani. Kisu kinaweza kuwa kimesimama kwa kubanwa tu, na ukiondoa bonge la majani kinamalizia mkato wake na mkono wako uko pale. Zima injini, chomoa waya wa plagi, tumia fimbo. Tumepaka rangi nyekundu upau wa mbele na kila dereva mpya anafanyishwa mazoezi ya kuzima kabla ya kufundishwa kuwasha. Kubeba visu vipya, hata umbali mfupi, vivikwe kipande cha mpira wa bomba uliopasuliwa.

Kwa sasa kikundi kinaanza msimu na seti mbili: moja kwenye mashine, nyingine sandukuni, pamoja na bolti za ziada, kwa sababu tuliacha ribiti baada ya kuona kubadilisha kisu kimoja shambani kunakula nusu ya asubuhi. Fila geji inakaa kwa dereva, na kila jioni anapima vidole vyote kabla ya kufunika mashine. Vijana wawili wenye mundu wanatangulia kufungua kona za majaruba na kuvuna Supa iliyolala, ndipo mashine inaingia kwenye mpunga uliosimama. Mama wa pembeni ya mfereji alivuniwa wa kwanza msimu uliofuata, kwa makubaliano ya kikundi kizima, na hakutozwa.